Saa ya Kugeuka

Vijana wa Simiyu!

Nasema na ninyi wa Bariadi na Itilima, wa Maswa na Meatu, na ninyi wa Busega mnaoliona Ziwa kila asubuhi. Nasema hasa na wale waliokwisha kuweka nia kwamba msimu huu, pamba ikishapimwa na malipo yakishatoka AMCOS, chama chetu cha ushirika, watapanda basi hadi Arusha, wafike lango la Momella, waupande Mlima Meru mpaka kileleni kwa njia ya ukingo. Hawajawahi kufunga kamba ya wapanda miamba kiunoni. Wana miguu, wana mikono, wana hamu.

Nendeni! Hilo ndilo neno langu la kwanza, na wazazi wanisamehe. Tumezaliwa mbugani, kwenye udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mlima wetu mkubwa ni jabali lililo nyuma ya shule. Miaka nenda rudi tumeiachia milima ya nchi hii watu wa ng'ambo, sisi tukabaki kuwaendesha, kuwabebea na kuwapikia. Kiingilio cha Mtanzania kwenye hifadhi ni kidogo kuliko cha mgeni, na bado tunaona mlima kama jambo la Wazungu. Nani aliwaambia kwamba mtoto wa mkulima wa pamba hana haki ya kusimama mita 4,562 juu ya bahari na kuiona Kilimanjaro jua likiwa linachomoza? Nendeni!

Neno la pili ni zito zaidi, na kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Kuna roho imeingia katika makusanyiko yetu nayo imevaa joho la imani. Inasema: usihesabu, amini tu. Usiulize mvua inanyesha mwezi gani, ikemee. Usinunue koti, utafunikwa. Usitafute mtu wa kukuongoza, malaika wapo. Ndugu zangu, roho hiyo ninajua ilikotoka, na habari zake ziko katika Luka sura ya 4. Ilimpeleka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, pembeni kabisa, ikamtaka ajitupe chini, ikamtolea na maandiko kumthibitishia kwamba malaika watamdaka. Liangalieni jambo hili! Shetani akifika ukingoni anageuka kuwa mhubiri wa imani. Na Yesu, ambaye baadaye angetembea juu ya maji, alikataa kuruka. Alijua tofauti kati ya kumtegemea Baba na kumjaribu. Kijana anayeuendea ukingo wa Meru na raba zilizochakaa, tochi ya simu na wimbo mdomoni, akisema Mungu atafanya njia, huyo yuko juu ya kinara cha hekalu, na sauti anayoisikia si ya Roho Mtakatifu.

Basi tuuangalie mlima wenyewe, maana huwezi kuliombea jambo usilolijua.

Meru ni mlima wa moto. Ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka wote, ukaacha kreta iliyo wazi upande mmoja, na ndani yake kikasimama kilima cha majivu kinachoitwa Ash Cone. Njia ya kwenda kileleni inapita juu ya mdomo wa kreta hiyo. Mnaanzia Momella, mita 1,500 hivi, msituni, penye nyati na tembo na twiga, na ndiyo maana TANAPA hawamruhusu mtu kupanda bila askari mwenye bunduki. Siku ya kwanza mnalala Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili mnafika Saddle Hut, mita 3,570. Halafu usiku wa manane mnaamshwa, mnakunywa chai ambayo tumbo halitaki, mnawasha tochi na kuanza kupanda kuelekea Rhino Point.

Baada ya Rhino Point ndipo mlima unapoanza kuwauliza maswali. Njia inashuka kidogo, inashika mwamba, inapita kwenye majivu yanayoteleza, inarudi kwenye mwamba. Mahali pengine unaweka mikono chini na kutambaa, na hakuna aibu katika hilo. Upande mmoja ukuta wa kreta unaporomoka zaidi ya mita 1,000. Mkifika Cobra Point, mita 4,350, mtadhani mmemaliza, na kilele kitakuwa bado kinawasubiri juu yenu, kikali kuliko yote mliyopita. Kinaitwa Socialist Peak, jina la zama za Ujamaa. Usiku hamtaliona shimo. Mtaliona mnaporudi, mchana kweupe, miguu imelegea, na hapo ndipo wengi huanza kutetemeka.

Kamba haihitajiki pale. Mtu mwenye afya, mwenye utulivu, asiyepatwa na kizunguzungu akiwa juu, anaweza kupita. Lakini jueni mpaka uko wapi. Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro chenye mita 5,149, kinaonekana kuwa karibu ukiwa Kibo, kilele kikuu, na kila mwaka yuko kijana anayekitazama na kusema, si tukipande tu? Hapana! Mawenzi ni ya watu wa kamba. Kilipandwa mara ya kwanza mwaka 1912 na Eduard Oehler na Fritz Klute, miaka 23 baada ya Kibo, kwa sababu mwamba wake unavunjika mkononi. Mlima Kenya nao una Batian, mita 5,199, wa watu wa kamba, na una Lenana, mita 4,985, wa watu wa miguu. Mungu amewawekea wasio na kamba milima ya kutosha. Ukifika mahali ambapo unajiuliza kama huko juu utaweza kushuka, jibu umekwisha kulipata. Usipande usipoweza kushuka.

Sasa fungueni Samweli wa Kwanza, sura ya 14. Wengi huihubiri sura hii kama habari ya ujasiri, wakaishia hapo. Isomeni polepole. Kambi ya Wafilisti iko ng'ambo ya bonde, na bonde lenyewe lina jabali huku na jabali huku. Yonathani hana jeshi. Ana kijana mmoja tu, mbeba silaha wake. Naye anapanda lile jabali kwa mikono na miguu, kama ninyi mtakavyopanda juu ya Rhino Point. Lakini kabla ya kugusa jiwe alifanya nini? Alikaa na mwenzake akamweleza mpango wote. Tutajionyesha kwao. Wakituambia tungoje, tunabaki hapa hapa, hatupandi. Wakituambia tupande, tunapanda.

Mmeona? Yonathani aliiweka ishara akiwa chini! Akiwa na pumzi, akiwa na akili zake, kabla damu haijachemka, aliamua ni jambo gani litakalomfanya asipande. Na mwenzake alisikia, akakubali, wakawa wawili wenye ishara moja. Huo ndio ujasiri wa Biblia. Ujasiri wetu sisi mara nyingi ni wa kuamua juu kwa juu, mwamba ukiwa tayari mkononi, rafiki akiwa anapiga video.

Ishara yenu ninyi ni saa. Kaeni chini kabla hamjaondoka Bariadi, muandike: tutageuka saa fulani, popote tutakapokuwa. Mkianza Saddle Hut saa saba usiku, watu wenye mwendo wa kawaida hufika kileleni wakati jua linachomoza au muda mfupi baadaye. Basi wekeni, kwa mfano, saa tatu asubuhi, na muulizeni anayewaongoza kama inafaa kwa siku hiyo. Saa tatu ikifika mko Cobra Point na kilele kinaonekana, mnageuka. Saa tatu ikifika mmebakiza hatua mia mbili, mnageuka. Ukungu ukiingia msione mguu wa aliye mbele, mnageuka hata kama ni saa kumi usiku. Mwamba ukiwa na barafu, mnageuka. Na mmoja wenu akianza kuyumba, hapo hakuna saa wala mjadala.

Kwa nini nakaza hivi? Kwa sababu siku ya kilele haiishi kileleni. Mtakuwa mmepanda karibu mita 1,000 usiku, na bado mnatakiwa kushuka hadi Saddle, kisha kwa ratiba ya kawaida kushuka tena hadi Miriakamba siku hiyo hiyo. Ni mita 2,000 za kushuka kwa magoti yale yale yasiyolala. Ukungu na mvua za mlimani hupenda kuja mchana. Anayechelewa juu anaishusha miguu yake iliyochoka ndani ya hali ya hewa mbaya, kwenye mwamba ulioloa.

Najua mnachonong'ona. Tumechangisha pesa, tumeaga kanisani, tumewaambia watu wote, halafu turudi bila picha ya kibao cha kileleni? Sikilizeni habari ya Hans Meyer, Mjerumani.

Mwaka 1887 aliupanda Kibo akafika kwenye ukuta wa barafu, hana vifaa vya kuupita, akarudi. Mwaka 1888 alikuja tena, akakutana na vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani, akakamatwa, akaachiliwa kwa kulipa fidia, akarudi kwao bila kuufikia mlima. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu, na safari hii alikuja na mpango. Alikuja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyebobea katika milima ya Alps. Alipanga kambi kwa hatua, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kuleta chakula kutoka Marangu, ili njaa isije ikawa sababu ya kuacha. Muini Amani, mtu wa Pangani, ndiye aliyebaki nao kambi ya juu, katika baridi ambayo pwani haijawahi kuiota. Tarehe 3 Oktoba walichonga vidato kwenye barafu kwa shoka, saa baada ya saa, hadi wakatokea kwenye mdomo wa kreta. Kilele wakakiona kwa macho. Ni mtu ambaye ametumia miaka mitatu, amefungwa minyororo, amelipa fidia, na kilele kiko pale!

Wakageuka. Nguvu zilikuwa zimekwisha na siku ilikuwa imekwenda. Walishuka, wakapumzika, wakasogeza malazi yao karibu zaidi na barafu, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakapanda tena na kufika. Simtaji Meyer kwa kumsifu kila alichofanya, maana alikuja na bendera ya mfalme wake na akakibatiza kilele chetu jina la mfalme huyo. Namtaja kwa ajili ya tarehe 3. Siku ya tarehe 3 ndiyo iliyozaa tarehe 6, na mimi ningependa ifundishwe shuleni.

Kijana wa Bariadi, mlima hauhami. Utakuwepo mwakani.

Tuje kwenye mwili, hekalu lenu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na mji wetu haujalizidi sana. Hapa hakuna mahali pa kuzoea hewa ya juu; hata ukimbie kila alfajiri kutoka Somanda hadi Nyakabindi, mapafu yatapata nguvu lakini damu haitajua mita 4,500 ni kitu gani. Juu kule hewa unayoivuta ina karibu asilimia 60 tu ya nguvu ya ile ya pwani. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Sasa hesabuni: kutoka Miriakamba hadi Saddle ni zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja! Ndiyo maana nasema, anayewauzia safari ya siku tatu anawauzia haraka. Chukueni siku nne, na mfuko ukiruhusu muongeze usiku mmoja Saddle. Mchana wa kufika pale msilale; pandeni taratibu hadi Little Meru, mita 3,820, kisha mshuke mkalale. Mwili hujifunza kwa kupanda juu na kulala chini.

Kichwa kikiuma kidogo na chakula kikikosa ladha, ni kawaida. Kunywa maji, pumzika, sema. Sema! Kijana wa Kisukuma amelelewa kutolalamika, na mlimani malezi hayo yanaua. Ukitapika na kichwa kikakataa kutulia, hupandi tena. Mwenzako akiyumba kama mlevi, akachanganya maneno, au akahema akiwa amekaa na kifua kikakoroma, huyo hasubiri asubuhi, anashushwa usiku huo huo na watu wawili wamemshika. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Maombi mtamfanyia mkiwa njiani kuteremka.

Na hapa naomba msikilize kwa makini, maana jambo hili ni la kwetu hasa. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye selimundu na wengi zaidi walioirithi kwa mzazi mmoja bila kujua. Hewa haba ya juu inaweza kumletea mgonjwa wa selimundu hatari kubwa. Nendeni hospitali mkapime kabla ya kulipa nauli. Mwenye ugonjwa huo asipande. Aliyeurithi kwa mzazi mmoja azungumze na daktari kwanza. Mwenye pumu, shinikizo la damu au ujauzito naye aende kwa daktari. Kipimo si kukosa imani. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu.

Baridi nayo mnaidharau. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi sita hivi. Kutoka Momella hadi kileleni ni pungufu ya karibu nyuzi 20, bado upepo. Jinzi ikiloa haikauki, na inanyonya joto la mwili. Katambuga naziheshimu, lakini hazijatengenezwa kwa majivu yaliyoganda usiku. Nendeni mtumbani, mtumba wa Bariadi una makoti ya baridi ambayo watu hapa hawanunui kwa sababu hawajui ya nini. Chagueni buti zenye kashata nzito, soksi za sufu, glavu, mzula, na koti la mvua linalozuia maji kweli, mlijaribu chini ya bomba. Buti mzivae miezi miwili kabla, shambani na sokoni, mpaka zimjue mwenyewe.

Tochi iwe ya kichwani, na betri za akiba, kwa sababu mikono mtaihitaji. Sisi ni majirani wa Gamboshi, ambayo nchi nzima inaitungia hadithi za uchawi hali wenyeji wake ni wakulima kama sisi na wamechoka kusingiziwa. Basi wapo kati yetu watakaopewa na shangazi kitu cha kufunga kiunoni. Namwambia shangazi kwa upendo: hirizi haina betri.

Chakula cha njiani tunacho kuwazidi wageni wote wanaotafuna vipande vya sukari vilivyofungwa kwa karatasi za kung'aa. Matobolwa! Viazi vilivyochemshwa na kukaushwa havioti ukungu, havigandi, vinatafunika ukiwa unatembea, na tumbo linavijua tangu utotoni. Ongezeni karanga. Maji yasipungue lita tatu kwa mtu siku ya kilele, na chupa iwekwe ndani ya koti isigande.

Mazoezi yaanze sasa. Beba kilo kumi mgongoni utembee saa nne bila kukaa, mara mbili kwa juma. Nendeni Ngasamo kule Busega, mpande na kushuka vile vilima, na kushuka ndiko mkufanyie kazi zaidi, maana goti huharibika wakati wa kushuka. Kwenye majabali ya kwetu, yale mafupi ambayo ukianguka unachubuka tu, jifunzeni kanuni ya wapanda miamba wote: viungo vitatu vimeshika, kimoja kinatembea. Mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Ligonge jiwe kabla ya kuliamini. Msipitane juu na chini kwa mstari mmoja, na anayeangusha jiwe apaze sauti, hata kama ni kokoto. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, Kilimanjaro, yakaua Wamarekani watatu, na njia ikafungwa hadi mwishoni mwa 2007. Hawakuwa wazembe. Mwamba wa kule juu unashikiliwa na barafu, na barafu ikiyeyuka mwamba huachia.

Tena basi la Arusha kwa barabara ya Singida linapita Katesh, chini kabisa ya Mlima Hanang. Ningekuwa kiongozi wa kikundi chenu, mwaka wa kwanza tungeshuka pale. Hanang una mita 3,420, uko chini ya TFS, wakala wa misitu, unapandwa kwa siku moja ndefu, na karibu na kilele chake una mgongo mwembamba unaomwonyesha mtu kama moyo wake unaweza kutulia mahali palipo wazi pande mbili. Atakayeganda pale, mmemjua mapema, mahali pa kusameheka. Lakini msiende mvua ikiwa inanyesha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima ule vikaingia Katesh, vikaua watu zaidi ya 80. Machi hadi Mei, na Novemba na Desemba, iacheni milima. Pamba yetu inauzwa kiangazi, na kiangazi ndicho msimu wa Meru, Juni hadi Oktoba. Mungu ameipanga kalenda ya mkulima vizuri kuliko wakala yeyote wa utalii.

Sasa watu. Yonathani alikuwa na mmoja, naye alikuwa wa kuaminika. Msiende kumi na watano kwa sababu kwaya nzima imetaka. Watu wanne au sita wanaojuana mwendo wanatosha, na mwendo uwe wa aliye polepole kuliko wote, awe ndiye wa mbele. Kiongozi wa mlima mtafuteni aliyesajiliwa, aliyeupanda Meru mara nyingi, mkamuulize amegeuza watu mara ngapi. Akisema hajawahi kumgeuza mtu, mshukuruni, mtafute mwingine. Misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma ya karne ya 19 ilikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, na hakuna kijana aliyethubutu kumpita kirangozi njiani.

Mkishampata, mlipeni. Nasema na Wakristo wanaochangia harusi kwa kadi za kifahari, mapambo, keki na matarumbeta, lakini wakifika kwa mpagazi wanaanza kuomba punguzo. Wapagazi, wagumu kama wanavyojiita, wanabeba chakula chenu wakiwa na viatu vibaya kuliko vyenu. Kilimanjaro kiwango kinachohimizwa ni kilo 20 kwa mtu; msiwapakie zaidi ya hapo Meru kwa kisingizio kwamba ni Watanzania wenzenu. Angalieni analala wapi, anakula nini, ana koti? Mfanyakazi akinyimwa ujira wake, kilio chake kinamfikia Bwana wa majeshi, na mlimani kinafika upesi.

Nimalizie na nyumbani. Kabla ya kupanda basi, kila mmoja wenu achukue karatasi. Aandike majina ya wote wanaokwenda, jina la kampuni na namba ya kiongozi wa mlima, siku ya kuingia langoni, siku ya kutoka, na ile saa ya kugeuka. Karatasi hiyo amwachie mama, au mke, au mzee wa kanisa, amweleze: siku fulani jioni nisipopiga simu, mpigie huyu; asipopokea, piga 114 uwaeleze Zimamoto na Uokoaji, na uwatafute watu wa hifadhi. Mtandao juu kule hukatika, msiahidi kupiga simu kila saa. Ahidini siku moja, na mtimize.

Na ninyi akina mama na akina baba mtakaopewa karatasi hiyo, nawaomba hili. Mtoto akirudi Bariadi akasema, niligeuka Cobra Point kwa sababu saa ilifika, msimcheke. Mchinjieni kuku. Mleteni kanisani Jumapili asimame mbele atoe ushuhuda wake, na sisi tumpigie makofi kama aliyefika kileleni. Amina.